Amani ya Noeli Katika Siku za Dhiki



Kila mwaka kipindi cha Majilio kinapoanza, sisi wana wa Nyangwe twajikuta mbele ya swali lile lile. Kanisani twafundishwa kwamba usiku ule wa Betlehemu malaika waliwatangazia wachungaji amani. Nasi tutokapo kanisani, mara nyingi twamkuta jirani amepokea wageni waliotoka upande wa Kabambare, wenye mikeka na sufuria vichwani, watu walioikimbia milio ya bunduki. Mtoto mmoja wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza alituuliza bila kificho: «Ikiwa Yezu alileta amani, mbona sisi hatujaiona?» Swali hilo si utovu wa adabu. Ni swali la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa kweli, wala si kunyamazishwa kwa maneno matamu. Basi twataka kulipima pamoja nanyi, wazazi na wanafunzi, tukitazama mambo ya nchi yetu wenyewe na yale tuliyoyaona kwa macho yetu.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba si sisi tuliotangulia kulia katika nchi hii. Mji wetu uko ukingoni mwa mto Lualaba, nao umeyajua machozi tangu zamani. Mwaka 1871 Daktari David Livingstone alikaa hapa miezi kadhaa akitafuta mitumbwi ya kuvukia mto. Aliliona soko letu kubwa, wanawake wakija kwa wingi na samaki, vyungu, mihogo na mawese, akapendezwa nalo. Lakini tarehe 15 Julai ya mwaka ule, watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa wakafyatua bunduki katikati ya umati wa sokoni. Wengine waliangushwa na risasi. Wengine wengi walizama mtoni wakikimbilia mitumbwi. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya watu 330 na 400. Tena mwaka 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, dola ya mfalme Leopold wa Pili, yalipigana na mabwana wa misafara, yakautwaa mji wa Nyangwe na baadaye Kasongo. Bwana mmoja aliondoka, bwana mwingine akaingia, na mnyonge akabaki palepale na mzigo wake kichwani.

Twayataja haya si kwa kumhukumu mjukuu wa mtu yeyote, maana leo wajukuu wa waliofunga watu na wajukuu wa waliofungwa wanachota maji katika kisima kimoja. Twayataja kwa sababu yanatufundisha jambo. Lugha hii tunayoandika ilikuja Maniema kwa njia ya misafara. Njia iliyopitisha minyororo ndiyo iliyopitisha maneno tunayosali kwayo. Hata imani yetu ilitufikia ikiwa na kumbukumbu ya minyororo hiyo, kwani Mapadri Weupe waliotumwa katika nchi hizi walikuwa wana wa Kardinali Lavigerie, yule aliyezunguka Ulaya mwaka 1888 akihubiri juu ya ubaya wa biashara ya watumwa. Mbegu ilipandwa, ikamea. Mwaka 1952 Kasongo ikafanywa Vikarieti ya Kitume, na mwaka 1959 ikawa jimbo kamili, askofu wake wa kwanza akiwa Baba Askofu Richard Cleire. Basi Mungu hakungoja nchi yetu itulie ndipo aje. Alikuja ilipokuwa ingali ikivuja damu.

Na tukiitazama vizuri Noeli ya kwanza, twaona kwamba ilikuwa hivyo hivyo. Sisi tumezoea kuona pango lililopambwa kwa majani mabichi na taa, na Mtoto mzuri akilala juu ya nyasi safi. Lakini wazazi wake walikuwa safarini kwa amri ya serikali ya kigeni iliyotaka kuwahesabu watu. Mama alikuwa mjamzito, na nyumba ya wageni haikuwa na nafasi. Baadaye Herode akatafuta kumwua Mtoto. Yosefu akaondoka usiku pamoja na Mama na Mtoto, wakakimbilia Misri, nchi ya wageni. Ni nani kati ya watu wa Kabambare asiyeifahamu safari hiyo? Kuamshwa usiku, kumziba mtoto mdomo asilie, kuacha chakula jikoni, kuuliza njia kwa watu usiojua kama ni rafiki au adui: hayo yote Familia Takatifu iliyapitia kabla yetu.

Angalieni basi. Malaika walipotangaza amani, Herode alikuwa angali katika kiti chake, na Roma ilikuwa ingali na mamlaka juu ya nchi. Hakuna bunduki, yaani hakuna upanga, ulionyamaza kwa sababu ya habari ile. Basi ama malaika walitangaza neno lisilo kweli, ama amani waliyoitangaza ni ya namna nyingine kuliko ile tunayoidhania. Sisi twasema ni ya namna nyingine. Amani ya dunia huanza pale adui anaposhindwa au anapochoka. Amani ya Kristu huanza pale Mungu anapoingia katika nyumba yako adui angali mlangoni. Ile ya kwanza hutolewa na wakubwa, nao huweza kuitwaa tena. Hii ya pili hakuna askari awezaye kukunyang'anya, ila wewe mwenyewe ukiitupa.

Pengine mtu atasema: «Hayo ni maneno ya mahubiri, mambo ya dunia ni mengine.» Basi tusiende mbali kutafuta mashahidi. Mto huu wetu, kabla ya kutufikia Nyangwe, umepita Kongolo. Huko Kongolo, tarehe 1 Januari 1962, siku ya nane tangu Noeli, wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa na askari. Upande mwingine, nchi ya Kabambare inapakana na nchi ya Fizi. Huko Baraka na Fizi, tarehe 28 Novemba 1964, mkesha wa Dominika ya kwanza ya Majilio, waliuawa Padri Luigi Carrara, Bruda Vittorio Faccin na Padri Giovanni Didonè, wamisionari Waksaveri kutoka Italia, pamoja na Padri Albert Joubert, mwana wa Afrika. Kanisa limewatangaza kuwa Wenyeheri mjini Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Na siku tatu tu baada ya mauaji ya Fizi, tarehe 1 Desemba 1964, kule Isiro, Bikira Anuarite Nengapeta alikufa akiulinda usafi wake, akamsamehe aliyemwua. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Hao wote walikuwa wakijiandaa kwa Noeli, au walikuwa ndani ya siku zake. Hawakuondolewa katika hatari. Lakini waliowaua hawakuweza kuwafanya wachukie. Je, si hiyo ndiyo amani?

Sasa tuwasimulie jambo la kwetu, dogo kuliko hayo, lakini tulilolishuhudia sisi wenyewe.

Ninyi wazazi mnavikumbuka vita vilivyoanza mwezi wa Agosti 1998. Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule Kindu iliangukia mikononi mwa waasi. Mijini walikaa askari wa upande huo, misituni walikaa vijana wa Mai-Mai, na mkulima akawa katikati kama mpunga kati ya mchi na kinu. Garimoshi halikuja tena. Vijana walisukuma baiskeli zenye mizigo kwa majuma mengi, wakipita matope na mito, ili walete sabuni, nguo kuukuu na chumvi. Chumvi ilipimwa kwa kijiko kama dawa ya hospitali. Familia nyingi ziliacha vijiji, zikaingia porini. Sisi pia tuliingia. Tulikuwa nyumba chache tu, tumejenga vibanda vya miti na majani karibu na kijito, mbali na barabara. Kati yetu walikuwamo Wakristu na Waislamu, kama ilivyo desturi ya Nyangwe na Kasongo tangu siku za babu zetu.

Pamoja nasi alikuwapo mwalimu wa dini, mtu mzima, mwenye kitabu cha sala kisicho na jalada na rozari iliyofungwa kwa uzi wa nyavu. Kila Dominika alitukusanya. Hapakuwa na Misa, maana hapakuwa na padri. Alisoma Injili, akasali pamoja nasi, akatuombea tupate kuipokea Ekaristi kwa tamaa ya moyo.

Tena kati yetu alikuwapo mama mmoja mjane. Mwanawe wa pili alikuwa amechukua bunduki, amefuatana na kundi moja lenye silaha ambalo hatutalitaja jina. Kundi lile ndilo lililochoma ghala zetu za mpunga, pamoja na ghala ya baba yetu. Je, yule kijana alikuwapo siku ile? Wengine waliapa kwamba walimwona, wengine walisema siye. Mama yake hakusema kitu. Aliishi katika kibanda cha mwisho, na tangu siku ya moto watu walimkwepa. Ninyi mnajua kwamba porini jirani humwendea jirani kila asubuhi kuomba moto wa kuwashia jiko. Yeye hakuna Mkristu aliyempa. Alikuwa akipata moto kwa mzee mmoja Mwislamu na mke wake, waliokaa ng'ambo ya kijito.

Mwaka 1999 Noeli iliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani. Waislamu wetu walifunga katika njaa ile ile tuliyokuwa nayo sote. Tulistaajabu jinsi mtu ambaye chakula chake ni mihogo mara moja kwa siku awezavyo bado kupata kitu cha kumnyima mwili kwa ajili ya Mungu. Mama zetu nao walichelewa kupika mpaka jua lilipokuwa karibu kutua, ili harufu ya sufuria isiwatese waliofunga. Hakuna aliyeamuru jambo hilo. Lilianza lenyewe, kwa heshima ya ujirani.

Siku chache kabla ya Noeli wanaume walikaa kuzungumza juu ya sala ya mkesha. Wakakubaliana mahali, wakakubaliana kwamba hapatakuwa na ngoma, na nyimbo ziimbwe kwa sauti ya chini ili tusisikike mbali. Kisha mmoja akasema lile ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: «Na yule mama asije. Hatuwezi kumwimbia Mfalme wa amani huku tumekaa na mzazi wa waliotuchomea.» Wengine waliitikia kwa kichwa. Neno lile halikuwa la watu wabaya. Lilitoka kwa watu ambao watoto wao walilala na njaa kwa sababu ya moto ule.

Mwalimu alikaa kimya kitambo. Kisha akasema: «Kibanda hiki ndicho zizi letu la Betlehemu. Nyumba ya wageni ilimfungia Mariamu mlango mara moja. Tukimfukuza mama huyu, sisi tutakuwa tumeufunga mara ya pili. Mimi sitaongoza sala ambayo mtu mmoja amezuiwa kuingia.» Hakusema zaidi. Hakumtetea kijana, wala hakusema ghala zilizochomwa si kitu. Alisema tu kwamba mlango ni mmoja, na kwamba sisi si wenye nyumba.

Baba yetu, ambaye hasara yake ilikuwa kubwa kuliko ya wengi, hakujibu kitu pale. Alirudi kibandani, akaketi akitazama moto kwa muda mrefu. Kesho yake asubuhi alimwambia mama yetu: «Mpelekee yule mama moto.» Mama akachukua kinga cha moto kinachowaka, akavuka vibanda vyote mbele ya macho ya watu, akakiweka jikoni kwa mjane. Twakumbuka kwamba hawakusemezana mengi. Mjane alisema: «Asante, mama,» akageuka kando, akajifuta uso kwa pindo la kitenge.

Jioni ya tarehe 24, jua lilipotua, yule mzee Mwislamu alivuka kijito pamoja na mke wake. Walikuja na futari yao ya mihogo, tena na kitu kidogo kilichofungwa katika jani la mgomba. Kilikuwa chumvi. «Leo mnampokea mgeni wenu,» akasema mzee, «na mgeni hakaribishwi kwa chakula kisicho na chumvi.» Mama zetu wakaitia ile chumvi katika sombe, tukala sote, waliofunga na wasiofunga, katika sinia na majani. Kisha wale wazee wawili wakaenda zao kusali kwa desturi yao, nasi tukaingia katika kibanda cha sala. Yule mjane aliingia wa mwisho, akataka kuketi karibu na mlango. Mama yetu akasogea, akampa nafasi mkekani.

Tuliimba kwa kunong'ona. Mwalimu alisoma habari ya Betlehemu akiikaribisha taa ya mawese machoni, maana karatasi zilikuwa zimechakaa. Nje msitu ulikuwa msitu, na hatari ilikuwa palepale. Hatukupata habari kwamba vita vimekwisha. Viliendelea miaka mingine mitatu. Mpunga uliochomwa haukurudi. Hata mwana wa yule mama hakurudi mpaka leo. Lakini usiku ule katika kibanda kile hapakuwa na adui. Hicho ndicho kitu ambacho kabla ya hapo tulikuwa tumekikosa, nacho kilipatikana bila mkubwa yeyote wa dunia kutia sahihi karatasi.

Huenda msomaji akauliza: «Je, amani ya namna hiyo si kama kumlaza mnyonge usingizi, ili asidai haki yake?» Twajibu kwamba sivyo, nalo jibu tunalipata katika siku ile ile. Baadaye tulikuja kujua kwamba katika mkesha uleule, tarehe 24 Desemba 1999, Baba Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko wa Bukavu, ambaye jimbo lake kuu ndilo mama wa majimbo yetu likiwemo la Kasongo, alikuwa amewaandikia Wakristu wake barua ya Noeli. Katika barua hiyo hakuficha uovu wa wale walioendesha vita kwa mali ya nchi yetu, wageni na Wakongomani pia. Aliwafariji watu, akawahimiza wasimame imara pasipo kushika silaha. Kwa ajili ya maneno hayo wenye nguvu wa wakati ule walimzuia kukaa katika jimbo lake. Mwezi wa Februari 2000 akapelekwa Butembo, akakaa huko mpaka Septemba. Alirudi Bukavu, akapokewa kwa shangwe, lakini muda si mrefu akafariki mjini Roma, tarehe 4 Oktoba 2000. Mtu aliye na amani ya Kristu haogopi kusema kweli. Hutofautiana na mwenye hasira kwa jambo moja: aisemapo kweli, humtakia aliyekosa aongoke, wala hamtakii aangamie.

Basi mambo haya mawili, kinga cha moto cha mama yetu na barua ya Baba Askofu Mkuu, ni matunda ya mti mmoja. Mmoja alisamehe jirani, mwingine alikemea wakubwa. Asiyesamehe jirani, hata akikemea wakubwa, hukemea kwa chuki. Na asemaye «nimesamehe» ili tu asiguswe na dhuluma, huyo hajasamehe, amejificha.

Amani ya karatasi nayo ni njema, tusiidharau. Tarehe 17 Desemba 2002, siku nane kabla ya Noeli, wakubwa wa Kongo walitia sahihi mapatano mjini Pretoria, na tarehe 30 Juni 2003 serikali ya mpito ikaundwa. Mwaka 2004 garimoshi likafika tena Kindu. Watu walitoka porini, wakafyeka mashamba, wakapanda mpunga. Baba yetu alipopata mbegu, alimpimia yule mjane kibaba chake kwanza, bila hotuba. Nasi tulimshukuru Mungu. Lakini tumeona pia jinsi karatasi zinavyochanika. Katika Kabambare, upande wa Salamabila, ambako ardhi ina dhahabu, makundi yenye silaha yamewatesa watu miaka mingi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 miji ya Goma na Bukavu ilitwaliwa kwa vita, na maelfu ya watu wakawa wakimbizi tena. Kwa hiyo tusiwaambie watoto wetu kwamba dhiki imekwisha. Tuwaambie kwamba dhiki haina uwezo wa kuizuia Noeli.

Na sasa, ndugu wapenzi, tufanye nini? Maneno bila kazi ni kama mtumbwi bila kasia. Twawaomba mtazame mambo machache yaliyo katika uwezo wa kila nyumba.

Kwanza, kabla ya mkesha, patanisheni yaliyovunjika. Kila mmoja wetu ana kibanda cha mwisho ambacho hakipelekei moto: ndugu aliyetudhulumu shambani, wifi aliyetutukana, jirani ambaye mwanawe ametenda vibaya. Usingoje aje yeye. Nenda wewe, hata kama hutasema mengi. Kisha mwendee padri katika kitubio, upokee kwa Mungu kile ulichompa mwenzio.

Pili, katika chakula cha sikukuu wekeni sahani moja ya mgeni. Msijitetee kwa umaskini. Mzee yule aliyetupa chumvi alikuwa maskini kama sisi, tena alikuwa amefunga tangu alfajiri. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nguo mpya si Noeli, wala pombe si Noeli. Nyumba iliyompokea mkimbizi imempokea Yosefu na Mariamu, hata ikila mihogo mitupu.

Tatu, chungeni ndimi zenu mbele ya watoto. Mtoto hazaliwi na chuki ya kabila wala ya dini. Huifundishwa jioni, kando ya moto, na watu wazima wanaodhani amelala. Msimwambie kwamba watu wa upande fulani wote ni wabaya. Mwambieni kwamba ghala ilichomwa, kwa maana ndiyo kweli. Lakini mwambieni pia ni nani aliyepeleka moto.

Nne, twasema nanyi, wanafunzi na vijana. Watakuja watu kuwaambia kwamba bunduki ni kazi, na kwamba mwenye bunduki halali na njaa. Tumewaona wengi waliofuata maneno hayo. Wengine wamelala katika makaburi yasiyojulikana, na mama zao hukaa wakitazama njia. Shikeni daftari, shikeni jembe, shikeni rozari. Mkiona udhalimu, usemeni kwa kinywa na kwa kalamu, kama alivyofanya Baba Askofu Mkuu Kataliko. Huo ni ujasiri mkubwa kuliko kujificha nyuma ya mtutu.

Tano, salini pamoja nyumbani. Mkesha ule wa porini haukuwa na Misa, wala kengele, wala kinanda. Lakini haukukosa watu waliopiga magoti. Ikiwa usalama wa barabara hauwaruhusu kufika misioni, kusanyikeni nyumba tatu au nne, msome Injili ya kuzaliwa kwa Bwana, msali rozari, muwaombee waliokufa, na waliokimbia, na hata wale waliowakimbiza. Hasa muwaombee hao wa mwisho, maana ndio wanaosahauliwa katika sala zetu, na ndio wenye haja kubwa.

Kwa yule mtoto aliyetuuliza mbona hatujaiona amani, twajibu hivi: Mwanangu, Yezu hakuileta amani kama mtu aletavyo gunia la chumvi, akalitua sokoni, kila mtu akachota. Ameileta kama kinga cha moto. Hupelekwa kwa mkono kutoka nyumba moja hadi nyingine, na huzimika kwa yule asiyetaka kuupeleka kwa jirani. Ikiwa hujauona mwanga wake, anza wewe kuubeba, nao utauona.

Ndugu wasomaji, twawatakia ninyi nyote, mlioko majumbani na mlioko mbali na nyumba zenu, Noeli takatifu. Bikira Maria, aliyemkumbatia Mwanawe katika njia ya Misri, awalinde watoto wenu. Wenyeheri mashahidi wa nchi yetu watuombee. Na amani ya Kristu Bwana wetu ikae Nyangwe, Kasongo, Kabambare, na Kongo yote, leo na siku zote.